Siku moja gerejini Ilomba: kuishusha Mark X bila kumuumiza mama

Saa 12:20 asubuhi

Mwezi wa saba Mbeya hauna masihara. Natoka nyumbani Uyole na sweta mbili ndani ya koti, pumzi inatoka kama moshi wa kuni, na malori ya kwenda Tunduma yameshapanga foleni kwenye mchepuko wa ujenzi wa njia nne. Leo kuna Mark X, gari la Toyota, inakuja gerejini kwangu kurekebishwa kimo, kwa hiyo njia nzima naitazama barabara kwa macho ya gari hilo: tuta hili, shimo lile, ukingo wa lami ulioachwa juu pale kifusi kinapoanzia. Mtu akiniuliza gari lake lishuke kiasi gani, jibu la kwanza huwa liko barabarani anakopita kila siku.

Saa 1:30

Mteja wa kwanza ana Toyota IST, anapeleka mbegu za viazi vijiji vya juu kuelekea Kitulo, anataka spesa, kile kipande kinachowekwa kwenye springi kunyanyua gari. Kusema kweli hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Hapa Nyanda za Juu watu wananyanyua magari kuliko wanavyoyashusha.

Anataka sentimita 4, namfungia 2. Spesa haibadilishi ugumu wa springi. Inalisukuma bodi juu, shokapu inabaki imechomoza muda wote, na tairi likiingia shimoni halina tena nafasi ya kutosha kushuka. Linaning'inia, shokapu inagonga mwisho wake wa chini, na baada ya miezi michache anarudi kulalamika kwamba shokapu nimemfungia mbovu. Kushusha gari ni hesabu hiyohiyo, ila nafasi inaliwa upande wa pili, wa shokapu kuingia ndani.

Saa 2:45

Mwalimu anaingia na Mark X yake, ile ya toleo la kwanza, yenye kodi GRX120. Imelala kweli. Anaishi Igawilo, anafundisha Mbalizi, maana yake kila siku analikata jiji zima kwenda na kurudi. Kiti cha nyuma amekaa mama yake, kajifunga kitenge mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari linanivunja kiuno."

Mwalimu anainamisha kichwa kidogo. "Fundi, mimi nalipenda likiwa chini, sitaki lirudi juu kabisa. Lakini abiria wangu ni huyu, kila Jumanne nampeleka kliniki."

Namuelewa. Mark X ya toleo hili ina bonde kubwa kati ya tairi na fenda, na ukilifunga bonde hilo kidogo gari linatulia machoni. Kulipenda gari likiwa chini si kosa. Shida ilianzia kwa fundi aliyekwenda kwake mwanzo: alimkatia springi mzunguko mmoja na nusu, akamrudishia shokapu zilezile za zamani, akachukua hela yake.

Saa 3:10

Kabla ya kushika spana, napima. Sipimi kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi unadanganya. Napima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Mbele milimita 321, nyuma 322. Jirani yangu mwenye duka la rangi ana Mark X kama hiyo ambayo haijaguswa, nami nilishaipima siku nyingi: mbele 374, nyuma 368. Kwa hiyo hii imeshuka milimita 53 mbele. Kwa gari la maonyesho sawa. Kwa gari la kumpeleka mama kliniki, hapana.

Halafu nafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue, maana halina gharama. Napandisha kava la vumbi la shokapu, naizungushia rodi, ile fimbo ya shokapu inayoingia na kutoka, zip tai, yaani kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, naivuta hadi ibane kiasi, naisukuma chini mpaka iguse kichwa cha shokapu, kisha narudisha kava. Gari likitembea, kila shokapu inapoingia ndani inaisukuma zip tai juu. Ukirudi unaisoma ilipoishia, na hapo ndipo gari lilipofika katika tuta baya kuliko yote.

Tunakwenda Uyole na kurudi, watu watatu. Gari nalipa kilomita chache kwanza kabla ya kulihukumu, kwa sababu baridi inayafanya mafuta ya shokapu kuwa mazito, na gari lolote la saa 3 asubuhi mwezi wa saba ni gumu kuliko lilivyo kwa kweli. Lakini hapa baridi haina hatia. Kila tuta tunasikia "du!" chini ya miguu, na mama anashika kiti cha mbele kwa mikono miwili kabla hata hatujalifikia. Ameshayakariri matuta.

Nafungua kava. Zip tai imepanda yote, imekandamizwa kwenye rabba ya kugotea, ile rabba iliyovaa juu ya rodi kuzuia chuma kisikutane na chuma. Gari likisimama tu, kati ya shokapu na rabba kuna milimita 12. Springi haijapata hata nafasi ya kufanya kazi. Mama amekuwa akikalia rabba.

Saa 4:20

Tunaifungua springi ya mbele. Nilimwita Mwalimu asogee aione mwenyewe. Ncha yake imekatwa kwa gesi. Karibu na mkato chuma kimegeuka bluu, kwa upana wa vidole viwili. Springi imepewa ugumu na unyumbufu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, kwa hiyo ukiichoma tena kienyeji hapo ndipo itakapopasukia. Tena ncha hiyo haikai vizuri kwenye kikombe chake. Nikilipiga gari jeki tairi likaning'inia, springi inacheza, naizungusha kwa mkono.

Kuna la tatu ambalo wengi hawalijui. Kukata springi hakuishii kuifupisha, kunaiongezea ugumu pia. Ikiwa ilikuwa na mizunguko 6 inayofanya kazi ikabaki 4 na nusu, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Kwa hiyo Mwalimu alipata springi ngumu zaidi, nafasi ndogo zaidi na shokapu iliyochoka, yote kwa mkupuo.

"Na hizi?" ananiuliza, anagusa rimu. Ni za inchi 18, na tairi ni 225/45, yaani upana milimita 225 na ukuta asilimia 45 ya upana huo. Namfanyia hesabu ukutani kwa chaki: asilimia 45 ya 225 ni milimita 101. Huo ndio urefu wa ukuta wa tairi lake. Tairi la 215/60 la rimu ya 16 lina milimita 129. Kabla hatujafika kwenye springi, mama ameshapoteza karibu sentimita 3 za mpira na upepo. Nikamshauri 17 yenye 215/55, ukuta wa milimita 118. Bado rimu inaonekana, bado gari lina sura.

Alinyamaza kidogo, akasema rimu atauza mwisho wa mwezi. Sikumharakisha.

Saa 5:40

Mwanjelwa, kwenye spea. Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, nami sipendi mteja achague kwa picha.

Muuzaji wa kwanza anatoa koilova za mtumba, yaani shokapu na springi zilizoungana ambazo kimo chake kinarekebishwa, nzuri machoni, rangi ya zambarau. Kwenye springi pameandikwa 10 na 8, yaani kilo 10 kwa kila milimita moja mbele na 8 nyuma. Hizo ni za mtu anayekimbiza gari kwenye kona. Nikaibonyeza shokapu moja kwa uzito wangu wote, ikaingia, haikurudi. Rodi ina unyevu wa mafuta. Nikairudisha.

Siyapingi makoilova. Kuna aina ambayo kitako cha chini cha shokapu chenyewe kina nyuzi, unafupisha shokapu nzima, gari linashuka lakini safari ya rodi inabaki ileile. Hiyo ukiipata mpya, yenye springi laini, inamfaa hata mtu mzima. Aina ya bei rahisi unashusha kwa kulegeza kikombe cha springi tu, na hapo unaila safari ya shokapu kama kawaida. Mtu akisema "nina koilova", swali langu ni hilo: inashukia wapi?

Duka la pili lina springi za kushushia, pea mbili tofauti. Kwa macho zinafanana, urefu sawa, upana sawa, mizunguko sawa. Nachomoa venia, kipimo cha unene. Moja chuma chake kina unene wa milimita 12, nyingine 13. Mwalimu anaona milimita moja si kitu. Lakini ugumu wa springi unapanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo milimita hiyo moja ni ugumu wa asilimia 38 zaidi. Tukachukua ya 12. Mizunguko yake ya juu imebanana na ya chini imeachana: gari likiwa na mtu mmoja inafanya kazi laini, ikijaa mizunguko iliyobanana inagusana na springi inakaza yenyewe. Itashusha kama sentimita 2 na nusu.

Hela iliyobaki tukaiweka kwenye shokapu mpya nne na rabba mpya za kugotea. Mwalimu alitaka kununua springi sasa na shokapu baadaye. Nilimkatalia. Springi inabeba gari, shokapu ndiyo inayolizuia lisiendelee kudunda, na springi mpya juu ya shokapu iliyokufa ni mateso yaleyale kwa sura mpya.

Saa 7:30 mchana

Wali wa Kyela, maharage, parachichi. Mama anakula nasi kwenye benchi.

Saa 8:00

Kufunga. Kijana wangu anabana springi kwa kibanio, taratibu, huku nimesimama pembeni, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka inaua.

Kazi ya mikono ni ya kawaida, ila sehemu moja namfundisha kila mara na sichoki. Bolti za bushi za mikono ya chini, vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi, hazikazwi gari likiwa juu ya stendi, matairi yananing'inia. Bushi ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma ndani na nje. Ukikaza bolti mkono ukiwa umening'inia, unaufunga mpira kwenye pozi hilo. Gari likikanyaga chini mpira unabaki umesokotwa muda wote, gari linakuwa gumu, na bushi inachanika mapema. Sisi tunaingiza bolti bila kukaza, tunalishusha gari juu ya mbao nne nene, tunalidundisha mara kadhaa likae kwa uzito wake, kisha kijana anaingia chini kwa mgongo kwenye sakafu ya baridi, anakaza. Inachukua nusu saa zaidi. Naamini magari mengi "yaliyoharibika baada ya kushushwa" yameharibiwa na nusu saa hiyo.

Saa 10:15

Alaimenti, yaani kunyoosha matairi. Gari likishuka, matairi yanainamia ndani kwa juu na uelekeo wake unabadilika. Kuinama kidogo siogopi. Uelekeo ndio unaokula tairi, maana tairi linaburuzwa kwa pembeni kila mita ya safari. Tumeurudisha, usukani ukakaa katikati. Baadaye tukaitazama ile fimbo ndogo ya sensa ya taa kule nyuma, kwa sababu gari hili lina taa za HID, zile zenye mwanga mkali, zinazojipima kwa kimo cha gari, kisha tukazielekeza upya ukutani ili asiwapofushe wenye malori usiku.

Saa 11:20 jioni

Njia ileile, watu walewale, zip tai mpya. Vipimo kabla ya kuondoka: mbele 348, nyuma 345. Imeshuka milimita 26 mbele na 23 nyuma kutoka ya kiwandani. Pengo la fenda bado limejaa vizuri, na Mwalimu alilizunguka gari mara mbili akilitazama kwa pembeni.

Tuta la kwanza mama alishika kiti. La pili akashika. Gari linaingia, linapanda, linatua mara moja, kimya. Karibu na Uyole nikamwona kwenye kioo mikono iko mapajani, anamsimulia mwanawe habari za shamba lao la ndizi Tukuyu, na tuta likapita katikati ya sentensi.

Tuliporudi nikafungua kava. Zip tai imesimama milimita 9 kabla ya rabba. Nikamwita Mwalimu aitazame kwa tochi ya simu. Nimemwambia akifunga rimu za 17 itakuwa bora zaidi, lakini hata leo anaweza kwenda.

"Ndaga fijo, mwanangu," mama akaniambia akiwa dirishani, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Saa 12:40

Naandika daftarini: Mark X, 348/345, zip tai 9. Springi mpya hulala kidogo baada ya kutembea, kwa hiyo baada ya wiki mbili atarudi nipime tena na kuangalia uelekeo wa matairi. Zile springi zilizokatwa nimezitundika ukutani karibu na mlango, upande wa bluu ukitazama nje. Kesho saa 1 kuna Subaru ya kijana wa Soweto ya hapa Mbeya, naye kapiga simu akitaka kushusha.