Pasi Iliyoangusha Swichi

Fundi umeme wa mtaani anaweza kutandaza nyaya nyumba nzima, taa zikawaka zote, na bado asiweze kuipeleka kazi yake TANESCO kwa jina lake. Maombi ya kuunganishiwa umeme yanataka mchoro na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kwa hiyo fundi akimaliza anamtafuta mwenye muhuri, ambaye pengine nyumba yenyewe hajawahi kuikanyaga, anamlipa, na kazi inaingia kwenye makaratasi kama ya huyo mwingine. Njia ya kwenda kwenye leseni inaanzia kwenye cheti cha ufundi, na watu hawa hawana. Walijifunza kwa kumshikia mjomba ngazi.

Mwaka 2018 shirika nililokuwa nikifanya nalo kazi Mbagala, Dar es Salaam, liliwaandalia mafundi wa aina hiyo siku ya kupimwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anahojiwa, anaonyesha kazi kwa mikono yake, anaambiwa mapungufu yako wapi, anafundishwa hayo tu, kisha anapewa cheti. Harudishwi darasani kuanza na balbu ni nini. Kazi yetu sisi ilikuwa kuwafikisha watu mbele ya mpimaji wakiwa na vitu vyote mkononi, na kuhakikisha kuwa baada ya hapo kuna mahali pa kwenda.

Tarehe tuliiweka katikati ya mwezi, kwa makusudi. Mwisho wa mwezi mishahara inatoka, wenye nyumba wanakumbuka vyumba vyao ambavyo havijaisha, na fundi anayeitwa saiti siku hiyo hawezi kukuchagua wewe na cheti chako. Hata katikati ya mwezi tulitoa nauli, chakula na kitu kidogo cha kufidia siku, maana anayeishi kwa dei waka akikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nyumbani kwake hakuna kilichoingia. Wafadhili wengi hawaipendi bajeti hii. Wanaiona kama kumlipa mtu aje kusaidiwa. Wangekaa mlangoni wakahesabu wanaofika pale bajeti hiyo isipokuwepo, wangeacha kuuliza.

Kilichosumbua zaidi kabla ya siku yenyewe kilikuwa faili la ushahidi. Kila mmoja alitakiwa kuleta nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na ushahidi wa kazi alizowahi kufanya. Picha walikuwa nazo tele kwenye simu, lakini karibu zote zilionyesha ukuta uliokwisha kupigwa plasta na kupakwa rangi, swichi nyeupe katikati. Picha hiyo haimwambii mpimaji chochote. Inayosema ni ile iliyopigwa kabla ya plasta, mabomba na maboksi yakiwa wazi, au ya konsyuma yuniti, lile boksi la breka, iliyofunguliwa kifuniko nyaya zikionekana zilivyoingia. Wachache waliokuwa na picha kama hizo walizipiga ili kumdai tajiri pesa, si kwa ajili ya cheti. Wasiokuwa nazo tuliwaelekeza kwa wenye nyumba waliowahi kuwafanyia kazi, wakachukue barua fupi: kazi gani, wapi, mwaka gani, namba ya simu na sahihi.

Karakana ilikuwa na mbao sita za plaiwudi zilizosimamishwa ukutani, watu wakaingia kwa awamu mbili. Kazi waliyopewa haikuwa ya kutisha. Konsyuma yuniti ndogo yenye RCD ya milliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Sakiti moja ya taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5: taa moja ya swichi ya kawaida, na nyingine inayowashwa kutoka sehemu mbili, kama ya korido au ngazi. Sakiti moja ya soketi kwa waya wa 2.5, soketi mbili kwenye maboksi ya chuma. Eathi kila mahali. Muda ni saa tatu.

Waligoma kabla hata ya kuanza. Mzee mmoja wa Yombo alishika ncha ya waya uliotolewa kwa ajili ya soketi, akaukunja kwa kidole gumba, akaukunjua, akasema, "Hii si mbili na nusu." Wenzake wakaja kuukunja nao, wakakubaliana naye. Kwenye roli palikuwa pameandikwa 2.5, na waya ulinunuliwa Kariakoo kwa kufuata kanuni ya profoma tatu: unachukua bei za maduka matatu, ya chini inashinda. Mpimaji akaleta kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja unatakiwa kuwa na kipenyo cha karibu milimita 1.8, ule ulikuwa na 1.5, yaani shaba isiyofika hata milimita za mraba 1.8. Ukiufunga nyuma ya breka ya ampea 20, breka inaweza kutulia kimya wakati waya wenyewe unapika ndani ya ukuta. Mpimaji akawaandikia alama wote sita wa awamu ile kwa kuutambua, ndipo akaagiza roli jingine kutoka stoo. Kanuni ya profoma tatu inafaa kwa kununua karatasi za printa.

Walipoanza, ilionekana wazi kuwa mikono ni ya watu wa kazi. Mabomba yamekaa sawa, kona zimepinda bila kubonyea. Makosa yalikuwa madogo na yaleyale. Wengine walimenya waya kupita kiasi, shaba ikabaki inachungulia nje ya tamino, pale waya unapofungwa kwa skrubu. Wengine walimenya kidogo mno, skrubu ikabana ganda la plastiki badala ya shaba. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu taa inawaka. Miezi inapita, mguso ule mbovu unapata moto kidogo kidogo, mpaka siku soketi inapokuwa nyeusi na mwenye nyumba anasema umeme wa TANESCO ni mkali.

Ile taa ya swichi mbili iliwaangusha wawili. Laivu, waya unaoleta umeme, inatakiwa iingie kwenye tamino ya pamoja ya swichi ya kwanza, nyaya mbili ziunganishe tamino za L1 kwa L1 na L2 kwa L2, na tamino ya pamoja ya swichi ya pili ndiyo iende kwenye taa. Hao wawili waliingiza laivu kwenye L1. Taa ikawa inawaka pale tu swichi nyingine inapokuwa upande fulani, na kila mmoja akawa anabonyeza tena na tena akitumaini itajirekebisha. Mzee wa Yombo naye alitumia waya wa buluu kama laivu. Hakukosea kwa ujinga: kwenye nyaya za zamani za fezi tatu buluu ilikuwa fezi, yaani laivu, na yeye alizoea hizo. Kwenye rangi za sasa buluu ni niutro, waya unaorudisha umeme, na kahawia ndiyo laivu. Nchi bado ina nyumba za rangi zote mbili, kwa hiyo fundi asiyepima kwa testa akaamini rangi tu, siku moja atapigwa.

Kilichobadilisha siku kilitokea kwenye ubao wa kijana mmoja wa Kongowe, ubao ambao kwa macho ulikuwa mzuri kuliko yote. Alimaliza mapema, akawasha, taa zote zikawaka, testa kwenye soketi ikang'aa upande wa laivu. Akakunja mikono. Mpimaji akachomeka pasi ya wati 1,000 kwenye soketi ya pili. RCD ikaanguka, giza.

"Pasi yako mbovu, mwalimu," kijana akasema.

Mpimaji hakubishana. Akaichomoa, akaichomeka kwenye ubao wa jirani, ikapata moto.

"Basi hiyo RCD ndiyo mbovu. Siku hizi zinatoka feki."

"Mtaani ungefanyaje?"

"Naunga dairekti tu. Mwenye nyumba anataka kunyoosha nguo, hataki maelezo."

Kundi zima likacheka, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kufanya hivyo. Mpimaji akazima meini, akatoa mega kwenye mkoba. Kifaa hiki kinasukuma volti 500 kwenye nyaya wakati umeme umezimwa, kuona kama maganda yake yanashika. Balbu zikatolewa kwanza, vinginevyo zinadanganya kipimo au zinaungua. Laivu kwa eathi: mshale ukaenda juu kabisa. Niutro kwa eathi: sifuri. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1.

Akafungua soketi ya pili. Skrubu ya kufungia soketi kwenye boksi la chuma ilikuwa imeubana waya wa niutro na kulikata ganda, mkato mdogo ambao usingeuona bila kuupindua waya. Hapo niutro na eathi zikawa kitu kimoja. RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa niutro. Tofauti ikifika karibu milliampea 30 inakata. Balbu ya wati chache inavuta umeme mdogo mno, ule unaopotelea kwenye eathi haufiki hapo, na RCD inatulia. Pasi inavuta zaidi ya ampea 4. Sehemu ndogo tu ya huo ikishika njia ya eathi, swichi inaanguka. Taa zinawaka, pasi inaangusha, fundi anailaumu pasi, kisha anaiondoa RCD, na nyumba inabaki bila kinga siku mtoto atakapogusa friji inayovuja.

Sikuwahi kuona darasa lililoeleweka haraka namna ile. Kati ya watahiniwa wote, mmoja tu ndiye aliyekuwa ameomba mega kabla ya kuwasha: dada wa Charambe, msaidizi wa kaka yake kwa muda mrefu, ambaye hapo nyuma alifagia karakana ya kiwanda na kuwaona mafundi wa matengenezo wakipima kila mota kabla ya kuirudisha. Wengine mega waliijua kwa jina. Bei yake inaweza kumeza malipo ya nyumba nzima, nani ainunue? Ndiyo maana baada ya siku ile shirika lilinunua mega tatu na kuziweka ofisini, fundi akawa anaazima kwa siku moja kwa dhamana ya kitambulisho, na daftarini anaandika vipimo alivyopata, si jina na sahihi tu. Ukurasa wenye vipimo ndio fundi anaoupeleka kwa mteja.

Zaidi ya nusu waliandikiwa mapungufu, na karibu wote lilikuwa hilohilo moja: kupima kabla ya kuwasha. Mafunzo ya kuziba pengo yakawa mafupi, jioni baada ya kazi.

Afisa ajira wetu alikuwa amemwalika mkandarasi mmoja mwenye leseni aje atazame. Wazo hili nalitetea mpaka leo: mwajiri akiona mikono, cheti hakimshughulishi sana. Huyu alizunguka bila kusema neno, akitazama sana nani amefagia vipande vya waya chini ya ubao wake. Kisha akawapa wote karatasi: nyumba ya vyumba viwili na sebule, andika makadirio ya vifaa. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mtaani bei inatajwa kwa pointi, na fundi anahesabu taa, swichi na soketi, anasahau konsyuma yuniti, eathi rodi, na sentimita 20 za waya zinazobaki ndani ya kila boksi. Mwisho anazilipa mwenyewe kutoka kwenye ufundi wake.

Alitaka watu watatu, majaribio ya miezi mitatu, mshahara wa mwezi na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wawili kati ya walioitwa walikataa papo hapo: dei waka ni kubwa zaidi. Afisa ajira akachukua chaki. Chukulia dei waka ni shilingi 30,000. Mwezi uliopita ulipata siku ngapi? Mmoja akasema tisa. Hiyo ni 270,000, kabla ya nauli ya kwenda kutafuta kazi. Mshahara uliotajwa ulikuwa 350,000, na mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, usiopungua nusu yake ukitoka kwa mwajiri. Mmoja akakubali. Mwingine akasema yeye hupata siku ishirini, na kwa hesabu yake alikuwa sahihi kukataa. Tusingemsaidia kwa kumsukuma.

Mvutano wa mwisho ulikuwa wa viatu. Mkandarasi alitaka shirika liwanunulie vijana wake viatu vya usalama na kofia. Afisa ajira akakataa: sheria inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na ukishamnunulia mwajiri viatu mwezi huu, mwezi ujao atakuomba mshahara. Wakaelewana kwamba viatu na kofia ni vya kwake. Shirika litatoa seti ya mkono, yaani plaizi, kisu cha kumenyea, bisibisi za ganda, testa na mita, kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo kwa simu ndani ya miezi sita. Bure hatukutoa, kwa sababu seti za bure za awali zilionekana Tandika sokoni zikiwa bado kwenye mfuko wake.

Dada wa Charambe, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya mkandarasi, alifungua mfuko, akatoa bisibisi zote akaziweka mezani. Akasema za kwake anazo, deni lipunguzwe. Mhasibu ikambidi aandike mkataba upya.