Mabawa ya malaika, joka na uzi wa gitaa

Mimi ni fundi cherehani, hapa Kihesa, Iringa. Mkasi nimeushika tangu nikiwa binti mdogo, kwa hiyo kamati ya watoto iliponiomba nikate mapambo ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, niliitikia bila hata kuuliza nitakata nini. Kwetu Walutheri siku hiyo ya malaika Mikaeli huangukia Jumapili iliyo karibu na tarehe 29 Septemba, na ibada yote huwa ya watoto: wao ndio wanaosoma masomo, wanaimba, wanaghani ngonjera, na sisi wakubwa tunakaa nyuma tukiomba Mungu asitokee wa kusahau mistari.

Niliwaza manila na vitambaa. Kumbe kuna muumini mwenye duka la friji na televisheni alikuwa ameshatoa sadaka yake: lundo la stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayozuia vyombo visipasuke ndani ya boksi, pamoja na mabamba mazima manne yenye unene wa sentimita tano. Tukaizoea kwa jina la fomu. Mwenyekiti wa kamati kila akipita mlangoni ananiuliza, "Dada fundi, fomu mmeshajaza?"

Siku ya kwanza niliikata kama nakata kitenge. Nilishika kisu cha jikoni, nikakandamiza, nikavuta. Ilichanika badala ya kukatika, na vipunje vyake vikaruka kila mahali. Septemba hewa ya huku ni kavu, na ukiisugua ile kitu inajichaji umeme kidogo, basi vipunje vinang'ang'ania mikononi, kwenye sketi, hadi kwenye nyusi. Ukivipangusa kwa mkono mkavu vinahama tu. Dawa yake ni kitambaa chenye unyevu. Upepo nao ulichukua sehemu yake ukaipeleka kwa jirani, na jirani ana kuku. Nikaenda kuomba radhi nikiwa na ufagio mkononi. Tangu siku hiyo nikawa nakatia juu ya shuka kuukuu lililolowekwa maji kidogo.

Nilipotulia nikagundua tatizo lilikuwa wembe. Kile kisu cha kusukuma, chenye wembe unaovunjwa ncha, kinaikata vizuri sana mradi wembe uwe mpya na mrefu. Mimi nilikuwa nabania ncha kama vile nalipia kila moja. Wembe ukishapoteza makali hata kidogo, unang'oa vipunje badala ya kuvikata. Siku hizi navunja ncha mapema, naupaka wembe nta ya mshumaa ili uteleze, nakilaza kisu badala ya kukisimamisha, halafu napitisha mara tatu au nne kwenye mstari uleule. Mara ya kwanza ni kuchora alama tu. Mwenye haraka asiguse fomu.

Ufundi wa cherehani ulinisaidia kwenye mchoro. Nilichora bawa moja kwenye karatasi ya kaki, nikaikunja na kulikata ili nipate la pili linalofanana nalo, nikabana karatasi juu ya fomu kwa pini zangu za kushonea. Pini zinasimama humo vizuri kuliko kwenye kitambaa chochote. Herufi za MIKAELI zilitoka kwa kisu peke yake, maana zote ni mistari iliyonyooka.

Mabawa ndiyo yalinishinda. Pale kwenye manyoya, penye pindo na pindo, kisu kinamega. Mpiga gitaa wa kwaya ndiye aliyesema amewahi kuona watu wakikata kwa waya wa moto, akanipa uzi namba moja, ule mwembamba kuliko wote, aliokuwa ameshautoa kwenye gitaa. Nikaufunga kwenye fremu ya mbao, nikaunganisha na betri ya pikipiki ya mdogo wangu. Waya ukawa mwekundu kama kaa, ukatoa moshi wenye harufu kali, ukalegea, ukakatika. Yote hayo kabla sijahesabu kumi.

Nikapanda daladala hadi Miyomboni kwa mzee mmoja fundi redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeunguza nini?"

Alijuaje, sijui. Nikamweleza. Akacheka, akasema waya ukiwa mwekundu umeshapitiliza. Stairofomu huanza kulainika kwenye joto kama la maji yanayochemka, nyuzi 100 hivi, kwa hiyo haihitaji moto wa kufulia chuma. Waya mfupi na mwembamba kwenye volti 12 unapitisha umeme mwingi mno. Akachukua balbu kuukuu ya taa kubwa ya gari, akaiunganisha njiani kati ya betri na waya. Umeme unapita kwenye balbu kwanza, balbu inakula sehemu yake na kuwaka kwa unyonge, na waya unabaki na joto la kutosha tu, haubadiliki rangi. Akanionya nisije nikathubutu kuuchomeka ukutani hata siku moja, na nikatie nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu ule moshi si wa kuvuta. Betri ya pikipiki ilinipa saa moja na ushee, kisha ikaenda kuchajiwa.

Akaniambia pia kwa nini uzi ulilegea: chuma kikipata moto kinarefuka. Fremu ngumu haiwezi kuufuata. "Tafuta kitu kinachovuta chenyewe," akasema. Mtu wa Iringa akiambiwa hivyo atawaza nini kama si mwanzi? Nikapata ufito wa mwanzi, nikaupinda kama upinde wa mtoto, nikapigilia misumari miwili ncha zote ili waya uguse chuma badala ya mwanzi. Waya ukirefuka, upinde unajikunjua na kuukaza. Mzee wa kanisa alipouona aliuliza huo mwanzi nimeutoa kwenye shamba la nani, na kama mwenye shamba anajua kwamba nimepunguza ulanzi wake, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi.

Basi ukishapata moto sahihi, usisukume. Waya unatembea wenyewe, wewe unauongoza tu. Ukisukuma unapinda katikati na upande wa chini unatoka tofauti na wa juu. Unasikia kasauti kembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Sehemu iliyokatwa inabaki laini, haina punje hata moja. Jozi kumi na mbili za mabawa nilizimaliza kwa jioni mbili, na watoto niliwaweka mbali, wakitazama kutoka barazani.

Kuunganisha nilitumia gundi nyeupe ya maseremala pamoja na njiti za mishikaki zilizochomekwa ndani. Gundi ya viatu nilishaambiwa inaila fomu. Cha ajabu, akili hiyohiyo haikunijia kwenye rangi. Ijumaa jioni nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, ya dhahabu, nikapuliza bamba lililobaki nililotaka liwe mawingu. Likaanza kuzama mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai, likabaki na mashimo na mikunjo. Dawa iliyomo kwenye kopo ndiyo inayoyeyusha. Mabawa nikayapaka rangi ya maji ya ukutani mara mbili, kwa brashi, na hayakupata doa.

Nilikuwa nataka kulitupa lile bamba. Mtoto mmoja wa darasa la pili akaligusa, akaniuliza, "Mwalimu, hii si ngozi ya joka?"

Na kweli. Ufunuo sura ya 12 Mikaeli anapigana na joka, na sisi tulikuwa na malaika kumi na wawili wasio na wa kupigana naye. Usiku ule nikakata kichwa na shingo kutoka kwenye bamba lililoharibika, mikunjo ikawa magamba, nikapaka rangi ya maji ya kijani juu ya ile dhahabu. Jumapili hakuna mtoto aliyegombania kuwa malaika. Wote walitaka kushika joka.

Kichwa chake kipo stoo ya kanisa, juu ya kabati la joho za kwaya. Mchungaji ameomba tukigeuze kitazame ukutani, maana kila akiingia asubuhi kabla ya kuwasha taa kinamshtua.