Idi Pili Maziwe: tulivyochagua pa kupumzika kabla masika hayajakaza

Nyumbani kwetu Tanga, Ngamiani barabara ya 12, tulibishana karibu Ramadhani nzima kuhusu pa kwenda baada ya Idi. Kila tukishafuturu na kahawa ikishamiminwa, mazungumzo ni hayo hayo. Mke wangu alitaka Lushoto. Watoto, mmoja wa miaka kumi na miwili, mwingine tisa, na kitinda mimba wa mitano, walitaka bahari, tena si hii ya Raskazoni wanayoiona kila Jumapili. Mama, ambaye amehamia kwetu tangu goti lianze kumsumbua, hakuwa akisema kitu. Ukimuuliza anajibu, "Popote mtakaponipeleka, mwanangu, mie nipo."

Langu lilikuwa moja tu. Mwaka huo, 2025, Idi iliangukia mwisho wa Machi, na mwisho wa Machi kwetu ndio mwisho wa msimu. Upepo wa kaskazi unakata, masika yanabisha hodi. Ukichagua vibaya hapo, umelipa nauli ya watu sita kwenda kukaa ndani mkisikiliza mvua juu ya bati.

Lushoto naipenda kwa moyo wote. Ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, kona baada ya kona mpaka Soni, halafu hewa inabadilika puani kabla hujaona chochote. Lakini Pasaka moja, kabla kitinda mimba hajazaliwa, tulikwenda wakati kama huo huo. Tulipanda Irente siku tatu mfululizo kutazama nyika ya Mazinde kule chini, na siku tatu zote tulitazama ukungu. Tulikula mkate na jibini, tukarudi. Wakati wa mvua kubwa udongo huwa unaporomoka barabarani, na mama kifua chake hakipatani na baridi. Nilimwambia mke wangu, twende Lushoto Juni au Desemba, tutaifaidi. Alikubali, ingawa nilimwona jinsi alivyoiweka ile sweta kabatini polepole.

Saadani nayo ilitajwa, kwa ajili ya tembo na simba. Niliifuta mwenyewe. Udongo wa kule ukilowa unanata kama ugali mbichi, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei.

Katikati ya mabishano hayo akapiga simu mdogo wangu wa kike, anayeishi na mumewe Innsbruck, Austria. Kumbe naye alikuwa na mtihani ule ule. Watoto wake wana likizo ya Pasaka, wanataka kwenda kuteleza kwa ski, na Pasaka ya mwaka huo ilikuwa Aprili 20, theluji inakwisha. Nilimuuliza sasa anachaguaje. Akanieleza kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Kwanza kaka naangalia kimo. Vituo vya chini saa hizi vimebaki majani na matope. Vya juu ndiko theluji inakodumu. Halafu naangalia mlima umeelekea wapi, maana upande wa kaskazini haupigwi sana na jua. Asubuhi theluji ngumu kama sakafu, saa tano imelainika vizuri, ikifika alasiri ni uji mtupu, watoto wanazama mpaka magoti. Kwa hiyo unaamka mapema, mchana umeshamaliza."

Alikuwa ameshaamua: Hintertux, mwisho wa bonde la Zillertal. Huko juu kuna barafu ya kudumu na lifti zinafika mita 3,250, watu wanateleza mwaka mzima. Lakini alichonisisitizia zaidi kilikuwa kingine. Alisema hachagui kwa ajili ya yule anayejua kuteleza, anachagua kwa ajili ya yule mdogo asiyejua. Kama mteremko wa watoto ni mbaya, au upepo wa juu ni mkali mno kwake, familia nzima itashinda imekaa mgahawani.

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Usiku ule nilimtazama mama amekaa kwenye kiti chake cha ukindu akijisugua goti, nikaona kwamba wiki mbili zote tulikuwa tukibishana juu ya mtu asiyebishana.

Kesho yake alasiri nikashuka Deep Sea, pale mashua zinapofika, nikamtafuta nahodha mmoja mzee ninayenunua kwake samaki aina ya changu. Nikamweleza: watu sita, mmoja mguu mbovu, mmoja mtoto mdogo, Idi, wapi? Hakufikiri sana.

"Idi si mwezi mwandamo? Mwezi mwandamo si bamvua? Na bamvua la Machi ndilo linalotoa maji kuliko yote. Nenda Ushongo, uvuke mpaka Maziwe siku ya Idi pili. Maji yatakuwa yametoka karibu na saa sita mchana. Kaskazi imelegea, kusi haijaingia, bahari imelala. Ukichelewa siku nne tano, maji mafu, hilo fungu utaliona kidogo tu. Ukichelewa wiki mbili tatu, kusi inavuma, hata mie sikupeleki."

Miaka yote nimekaa ufukweni na sikuwahi kuliunganisha hilo: kwamba Idi yenyewe inakuja na maji yake. Ambaye hakukulia baharini nimfafanulie. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, ndiyo maji mafu. Maziwe ni fungu la mchanga lililoko kusini mashariki ya Pangani, na Ushongo ni kijiji cha ufukweni mnakovukia. Maji yakijaa linafunikwa lote. Kulipata limetoka, jua linawaka, na mawimbi yametulia, ni mpaka mambo matatu yakutane, na mwisho wa Machi ndiyo nafasi ya mwisho ya kukutana kwake kabla ya masika.

Nilirudi nyumbani nikasema, "Ushongo." Watoto wakaruka. Mama akaacha kusugua goti.

"Maziwe mtafika?" akauliza.

Ndipo akasema kitu ambacho hakuwa amekisema wiki zote zile. Yeye ni mzaliwa wa Pangani. Baba yake alikuwa mvuvi, na alipokuwa msichana alipelekwa Maziwe kwa mashua, wakala samaki wa kuchoma chini ya mivinje. Kilikuwa kisiwa, kina miti na kivuli. Hakuwahi kurudi tena.

Sasa malazi. Mahali pa kwanza nilipopiga simu walinitaka nitume nusu ya malipo, nikatuma. Siku tatu kabla ya Idi napiga kuthibitisha, naambiwa wameshafunga kwa ajili ya masika, wafanyakazi wamekwenda makwao. Hakuna aliyekuwa amenipigia. Pesa zilirudi, lakini baada ya simu nyingi na wiki nyingi, na kwa mtu mwenye safari ya familia hilo linaumiza. Kwa hiyo ukisafiri mwisho wa msimu, usiulize bei kwanza. Uliza: tarehe hiyo mtakuwa wazi? Jikoni atakuwepo mpishi? Mashua itakuwepo? Mwishowe tulipata banda mbili za makuti kwa familia moja pale Ushongo, choo ndani, hatua chache tu kutoka mchangani. Hilo la hatua chache niliuliza mara mbili, kwa ajili ya mama.

Idi mosi tukaswali, tukala pilau mapema, tukapanda Noah ya kukodi. Kutoka Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita hamsini na kitu, mkonge kulia na kushoto, safu zimenyooka mpaka macho yanachoka. Tongoni tulipita bila kusimama, ingawa yale magofu ya msikiti na makaburi ya kale yanastahili siku yake. Kigombe tukanunua machungwa kwa mama mmoja kando ya barabara, na kitinda mimba akalala.

Pangani tulisubiri kivuko. Mto ule ukiwa na maji ya bara unakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na siku ile ulikuwa umeanza kuingia rangi hiyo, ishara kwamba huko juu mvua zimeshaanza. Kando yetu daraja jipya lilikuwa linajengwa, watoto wakitazama nguzo zake. Mama alikuwa anatazama upande wa mji, majumba ya zamani yenye kuta nene. Akamwonyesha mjukuu wake mkubwa kwa kidole, akamwambia mji ule ule ndimo Wajerumani walimonyonga Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889, na kwamba yeye aliyasikia hayo kwa bibi yake kabla hajayasoma shuleni.

Ng'ambo, Bweni, lami ikaisha. Baada ya Mwera tunakata kushoto kuelekea baharini, na hapo ndipo tulipokutana na dimbwi la mvua ya usiku uliopita. Noah ikaserereka, ikakaa. Tukashuka wote isipokuwa mama. Vijana wa kijijini wakaja na makuti makavu, wakatandika chini ya matairi, tukasukuma. Dereva alisema angekuja wiki moja baadaye asingepita kabisa. Tuliwapa vijana wale ya Idi yao, tukaendelea. Tulifika Ushongo jua linazama nyuma yetu, minazi imesimama myeusi, na harufu ya moshi na samaki wa kupaka ikatupokea.

Idi pili saa nne asubuhi tukapanda mashua ya mashine. Nahodha alihakikisha kila mmoja amevaa boya, kisha yeye na msaidizi wake wakambeba mama kwa mikono iliyopishanishwa, kama kiti, maji yakiwafika mapajani. Mama akaingia chomboni na khanga yake haina tone la maji. Nilishukuru sana kwa mikono ile.

Bahari ilikuwa shwari kweli. Kila tulivyosogea maji yalibadilika, kutoka kijani cha chupa mpaka rangi ambayo mtoto wa kati aliiita "buluu ya daftari." Halafu mbele yetu ukatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Nahodha akapunguza mwendo. Uzi ukanenepa. Tulipofika ulikuwa umekuwa fungu, mchanga umelowa bado, una mikunjo midogo midogo ambayo maji yameiacha, na ndani ya kila mkunjo ukanda wa maji ya vuguvugu unaong'aa. Hakuna mti, jani wala mtu.

Nahodha na msaidizi walisimamisha miti minne na turubai kupata kivuli. Watoto walizama na miwani yao kwenye matumbawe ya ukingoni, wakitokeza vichwa kupiga kelele kila walipoona samaki wa milia. Mimi nilimshika mama mkono tukatembea. Mchanga mbichi ni mgumu, goti halikumsumbua. Upande wa pili, juu kidogo, tulikuta alama pana, mistari miwili ya mikwaruzo kama tairi la trekta limepita kutoka majini likarudi majini. Kasa alikuwa amepanda kutaga baada ya maji ya alfajiri kuanza kutoka. Nahodha alitueleza kwamba mayai yanayotagwa hapa hayawezi kubaki, maana maji yakijaa yanaoza. Walinzi huyafukua kwa uangalifu na kwenda kuyafukia Ushongo, pwani, mpaka yaanguliwe. Ada tuliyolipa ya kuingia kwenye hifadhi hii nililipa kwa moyo mweupe.

Mama aliinama akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Kisha akasimama katikati ya fungu, akageuka kwanza huku kisha kule, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyokulia.

"Mivinje ilikuwa hapa," akasema. "Baba alifunga kamba ya mashua kwenye mmoja. Upepo ukipita inalia, usingizi unakujia wenyewe." Akasema miti ilikatwa mingine, mingine ikaanguka, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, bahari ikaula kidogo kidogo. Hakulia. Aliomba tu tukae pale pale badala ya kurudi chini ya turubai, nami nikamfungulia mwavuli.

Tulikula wali na pweza wa nazi kutoka kwenye sufuria aliyoipakia mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa tena akiitaja Lushoto. Kwenye saa saba na nusu nahodha akapiga mluzi. Sikuwa nimeona mabadiliko, lakini ile mikunjo ya mchanga ilikuwa imeanza kujaa upande wa mashariki. Tulipokuwa chomboni, kitinda mimba alikaa nyuma na bibi yake wakilitazama fungu likiwa mstari, kisha uzi, kisha weupe tu wa mawimbi yanayokatika mahali pasipo na kitu.

Jioni ile wingu zito lilitoka baharini. Usiku mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na siku ya tatu yote tulikaa barazani, watoto wakicheza karata na wenyeji, mama akisuka ukili alioupata kwa mama mwenye nyumba. Hatukujutia. Tulikuwa tumeshapata siku yetu moja.

Kwenye kivuko cha kurudi, mdogo wangu alituma picha kutoka Innsbruck: mtoto wake amevaa kofia ngumu, nyuma yake mlima mweupe mtupu, mazoezi kabla ya Pasaka. Nikampa mama simu. Aliitazama, akaipanua kwa vidole viwili, akaniuliza kama huko nako weupe wote huo unaondoka. Nikamwambia wa chini unaondoka, wa juu kabisa unabaki. Akairudisha simu, akaanza kuhesabu kwenye vifundo vya vidole: mwezi mpevu lini, shule zinafunga lini, kaskazi inarudi lini. Alipofika Desemba akakishika kidole hicho na hakukiachia mpaka kivuko kikagusa upande wa Pangani.