Ijumaa ya albamu mpya, kibandani Langoni

Saa 6 usiku. Albamu imeshuka. Niko juu ya nyumba, chini ya makuti, maana huku ndiko mtandao unakoshika. Nyumba zetu za mawe zina kuta ambazo hata ugomvi wa jirani haupenyi, sembuse intaneti. Nimenunua bando ya usiku, hedifoni ziko masikioni, na nimejiwekea sharti: nyimbo zote 14, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, bila kuruka hata moja.

Mwenye albamu simtaji. Ni wa Dar, ni mkubwa, na mashabiki wake nawaogopa.

Kutoka Ijumaa nako kuna kisa chake. Mwezi wa Julai 2015 makampuni ya muziki duniani yalikubaliana kwamba albamu mpya zitoke Ijumaa. Kabla ya hapo Uingereza walikuwa wakitoa Jumatatu, Marekani Jumanne. Sisi wa Lamu, ambao Ijumaa mchana milango inafungwa, hakuna aliyetuuliza.

Ya kwanza nzuri. Ya pili kolabo na Mnaijeria, nilishaitegemea. Ya tatu niliirudia, na hapo sharti likawa tayari limevunjika. Ya sita nilisikia nusu. Nilipofumbua macho adhana ya alfajiri ilikuwa inaita, na simu imezimika kifuani.

Saa 1 na nusu asubuhi. Mahamri matatu, mbaazi, chai. Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, bado mtupu, ila punda watatu waliobebeshwa mchanga. "Simile! Simile!" Nikajibana ukutani wapite. Kijana anayewaswaga akageuka.

"Fundi! Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Yote?"

"Yote."

Nilikuwa hata kufuli sijafungua.

Saa 2. Kibanda changu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Natengeneza simu, nauza chaja, nauza waifai shilingi 20 kwa saa. Zamani kilichonilisha ni kujaza watu nyimbo kwenye memori kadi, mamia kwa mamia, na katika hizo hapana hata moja niliyokuwa na haki nayo. Nilikuwa najiita msambazaji. Siku hizi mteja anaunga waifai, anapakua mwenyewe kwenye programu yake, msanii anapata hicho kidogo anachopata, nami nalala vizuri. (Vizuri mno, kama mlivyoona.)

Mteja wa kwanza ni nahodha wa boti ya Mokowe. Simu yake ilianguka baharini tangu juzi, akaizika kwenye mchele. Mchele, jamani! Mchele haunyonyi chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, na chumvi ndiyo inayoila simu. Nilipofungua mgongo nikakuta mdomo wa chaji umeota kutu ya kijani kama ukoga wa gatini. Nikachukua mswaki wa mtoto, nikauchovya kwenye spiriti, nikasugua polepole, upande mmoja kwa mara moja, nikipuliza na kutazama kwa lenzi. Ukiharakisha unang'oa vijipande vidogo kuliko punje ya ufuta, na hivyo havirudi. Dakika arubaini. Nilipochomeka chaja, taa ikawaka.

"Niwekee na ile albamu," akasema. "Abiria wa asubuhi wamenisumbua mpaka nimechoka."

"Pakua mwenyewe, nahodha. Waifai ni bure kwako leo."

"Wimbo gani mzuri?"

"Wa tatu," nikasema haraka. Huo nilikuwa na uhakika nao.

Saa 3 na nusu. Baraza limejaa. Mpishi wa Shela aliyetoka zamu ya usiku, muuza juisi ya ukwaju, kijana wa punda aliyemaliza safari ya kwanza, na mwalimu mstaafu ambaye huja na gazeti lake na asilisome.

Mpishi ni Timu Kiba, shabiki wa Alikiba. Kijana wa punda ni Timu Mondi, wa Diamond Platnumz. Mwenye albamu mpya si Kiba wala Mondi, lakini hilo halikuwazuia.

"Kiba alitoa albamu 2009," akaanza kijana, "inayofuata ikaja 2021. Miaka 12! Mtoto anazaliwa, anamaliza shule ya msingi."

"Na ilipokuja ilikuwa albamu," akajibu mpishi. "Si kama yenu ya 2018, nusu yake tulikuwa tumeshaizoea redioni."

Hapo mpishi alikuwa na hoja, nikaitikia kwa kichwa. *A Boy from Tandale* ilikusanya singo nyingi zilizokuwa zimeshavuma. Mimi hilo silipendi. Albamu ya namna hiyo ni kama kualikwa chakula ukakuta kiporo cha nyumbani kwako, hata kiwe kitamu vipi. Lakini kijana naye akaja na lake. Ile ya Mondi ya 2022 ina nyimbo 10 na mwenyewe akaiita EP, yaani albamu fupi. Ya Zuchu ya 2020 ilikuwa na nyimbo saba, nayo EP. "Sasa ikiwa saba ni EP na kumi ni EP, albamu inaanzia wapi?"

Kelele. Muuza juisi akasema albamu inaanzia kumi na mbili, kwa nini, hajui. Mpishi akasema urefu si hoja, hoja ni nia. Mwalimu akakunja gazeti.

"Albamu ni kitabu," akasema. "Santuri za kale zilibeba dakika kama tatu kila upande. Kazi ikiwa ndefu, wanazipanga santuri kadhaa ndani ya jalada moja, kama albamu ya picha. Jina likabaki."

Sote tukanyamaza, maana hilo hatukulijua. Muuza juisi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kulalamika kwamba siku hizi wimbo ni dakika mbili na robo, hujakaa sawa umekwisha. Sababu tunaijua: Spotify inahesabu wimbo umechezwa ukipita sekunde 30 tu, kwa hiyo wimbo mfupi unaorudiwa mara tano unalipa kuliko mrefu unaosikizwa mara moja. Lakini mwalimu akamkata.

"Siti binti Saad, yule wa taarabu ya Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi, mwaka 1928, naye alibanwa na dakika hizo hizo. Harusini aliimba mpaka watu wachoke. Kwenye santuri, beti chache, basi. Mashine ndiyo inayopima urefu wa wimbo, tangu zamani."

Iliniuma kidogo, kwa sababu mimi ndiye mhubiri wa zamani hapa barazani. Ndiye ninayewaambia kila wiki kwamba albamu isikizwe nzima. Nilisikiza *Midnight Train* ya Sauti Sol hivyo, Juni 2020, wakati wa kafyu, hakuna pa kwenda, usiku baada ya usiku. Mpaka leo wimbo mmoja ukiisha nausikia unaofuata kichwani kabla haujaanza.

Wakahamia kwa albamu zijazo. Nani ameahidi mwaka huu, nani aliahidi mwaka jana na mwaka juzi. Kijana wa punda ana elimu yake: msanii akifuta picha zote Instagram, ngoja wiki mbili. Akigombana na mtu hadharani bila sababu, ngoja moja. Mpishi anasema hiyo ni kiki, si dalili.

Kisha kijana akanigeukia.

"Fundi, ile mvua mwanzoni mwa ya tisa umeionaje?"

Wote wakanitazama.

"Imekaa mahali pake," nikasema. "Inatuliza."

Akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akaenda kwa punda wake.

Saa 5. Bi mkubwa mmoja wa Mkomani akasimama mlangoni, buibui lake jeusi, mkononi mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wasema waweza kuitia kaseti kwenye hiki?" Akatoa flashi mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

Kaseti ni ya dakika 60. Juu imeandikwa kwa kalamu, HARUSI, basi. Si kaseti ya dukani, mtu aliweka redio karibu na waimbaji akabonyeza. Ndani utepe umeota ukungu mweupe, na kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea kimedondoka.

"Nitajaribu. Rudi baada ya alasiri."

Nikafungua skurubu tano, zote ndogo kama vichwa vya siafu. Nikang'oa kisponji kwenye kaseti nyingine isiyo na mwenyewe, nikakibandika. Ukungu nikaufuta kwa pamba kavu nikizungusha gurudumu kwa kalamu ya Bic, mzunguko mmoja, futa, mzunguko mmoja, futa. Vidole vikafa ganzi. Sijafika nusu, wakati wa kufunga.

Saa 6 mchana. Kuoga, kanzu, msikiti. Mji wote umenyamaza. Baadaye wali na samaki wa kupaka nyumbani, na usingizi uliokuwa unanidai tangu usiku.

Saa 10. Bi mkubwa amefika kabla yangu, amekaa barazani. Mwalimu amempisha upande wa kivuli. Nikaunga waya kutoka tundu la hedifoni la redio ya kaseti mpaka kwenye kompyuta, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, nikamweleza: kazi hii haina haraka. Faili unalihamisha kwa sekunde, lakini kaseti ya saa moja inataka saa moja. Lazima icheze yote, na lazima mtu awepo.

"Mimi nina haraka ya nini?" akasema.

Nikabonyeza. Kwanza mvumo, kama bahari ya kusi kwa mbali. Kisha udi, ile ala ya nyuzi. Kisha mwanamume akaanza ubeti, taratibu, na wanawake wakampokea kwa vigelegele hata kipimo cha sauti cha Audacity kikagonga mwisho. Wimbo wa kwanza ulichukua dakika kumi na moja. Nilitazama saa, nisingejua.

Mpishi akaja. Muuza juisi akaegesha mkokoteni. Kijana wa punda akasimama mlangoni, akasema ana dakika mbili tu.

"Ni nani huyu?" akauliza.

Bi mkubwa hamkumbuki jina. Mwalimu akasikiliza udi, akasema huyu kajifunza kwa kumsikiza Zein. Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapa hapa Lamu, aliyefariki 2016. Bi mkubwa akacheka.

"Nyinyi wanaume na Zein wenu! Sisi tulikuwa wa Bhalo."

Juma Bhalo wa Malindi, aliyeweka mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi, akafariki 2014. Mwalimu akasema Bhalo alikuwa na sauti, lakini udi ni udi. Bi mkubwa akasema udi haumlizi mtu, sauti ndiyo inayomliza. Mpishi akanikonyeza. Timu Zein na Timu Bhalo, jamani, kabla hatujazaliwa.

Dakika ya 22 stima ikapotea. Sauti ya mwimbaji ikashuka, ikashuka zaidi, ikawa ya jitu, kisha kimya. Hakuna aliyeinuka. Robo saa tuliketi, bi mkubwa akieleza ukumbi ulikuwaje, nani alishona nini, nani alikataa kula. Ni harusi ya dada yake. Stima iliporudi nikarudisha utepe kidogo, tukaendelea.

Upande wa pili, katikati ya ubeti wa mapenzi mazito kabisa, punda akalia. Si mbali. Kama yuko kwenye jukwaa. Kijana wa punda akacheka hadi akashika ukuta.

"Hapo nitakata, bi mkubwa," nikasema. "Nitaunganisha vizuri, hutajua."

Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Huyo punda ni wetu. Ndiye aloeta zombo za harusi. Iwate."

Nikaiacha. Mwishoni kabisa, waimbaji wameshanyamaza, kuna sauti ya mwanamke inaita watoto waje wachukue viatu vyao. Bi mkubwa akajifunga ncha ya buibui mdomoni. Mwalimu akatazama baharini. Utepe ukafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe, tak.

Shilingi 300. Alinipa 500, akakataa chenji, akaifunga flashi kwenye leso mafundo mawili kama alivyokuja na kaseti. Kijana wa dakika mbili alikaa mpaka mwisho, na punda wake wakala boksi la mtu.

Saa 1 usiku mpaka saa 3. Vioo viwili, chaja tatu, mtoto mmoja aliyesahau nywila ya simu ya babake na hataki babake ajue. Kufuli.

Saa 4 na nusu. Juu tena, kwenye makuti, upepo mzuri. Nikaanza upya, wa kwanza. Safari hii nimekaa kitako. Ya sita, niliyoilalia, ina kinanda kizuri mno katikati, na wala hakuna aliyeitaja leo. Ya saba hapana. Ya nane sawa.

Ya tisa inaanza na gita. Nikarudisha. Nikaongeza sauti, nikafunga macho. Gita. Hakuna mvua, hakuna hata manyunyu.

Nikamwandikia kijana wa punda: "Ya tisa haina mvua."

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini. "Umejua saa ngapi?"

"Saa 5 hii."

Vidoti vikacheza muda mrefu.

"Fundi, mimi niliishia ya nne. Hiyo ya kumi ikoje?"