Ovahoo ya 3L na lile neno "zote ni sawa"

Wacha niseme vile iko. Kufungua enjini ya vani imezeeka si kazi, mtu yeyote ako na spana atafungua. Shida ni kuirudisha, juu kwa hii Nairobi kila duka la spea unaingia unaambiwa "mkubwa, zote ni sawa". Ringi zote ni sawa, gasketi zote ni sawa, beringi zote ni sawa. Sasa kama zote ni sawa Toyota waliandika alama za nini?

Gari ni HiAce ya mathee, ya dizeli, enjini 3L, silinda nne, 2,779 cc. Hubeba tenti na viti vya plastiki, harusi, matanga, mikutano ya chama, na ndiyo imetulea. Ilikuwa imeanza kupumua, yaani ukitoa kifuniko cha oili enjini ikiwa inanguruma moshi unakupiga usoni, na ikipanda kuelekea Limuru na mzigo joto linapanda mpaka inabidi usimame kando ya barabara ungoje. Tukafungua. Hedi, yaani kichwa cha enjini kinachokaa juu ya silinda, ilikuwa na nyufa kati ya valvu, na huo kwa enjini za Toyota za jamii ya L ni ugonjwa unajulikana, zikichemka hapo ndo hupasukia. Silinda nazo zilikuwa zimeliwa juu kuliko chini, ukipitisha kucha unasikia kingo kabisa.

Karibu kila mtu aliniambia nitupe hiyo chuma niweke enjini iliyotumika kutoka Japani. Naelewa, gari inarudi kazini haraka. Lakini hiyo unayouziwa hujui ilitembea wapi wala ilichemka mara ngapi, ni mzee kama yako tu imeoshwa na mvuke ikang'aa, na juu ya hayo namba ya enjini imebadilika, lazima uende NTSA, wale wa usajili wa magari, urekebishe logibuku. Bloku ya mathee haikuwa na ufa. Nikaamua inajengwa.

Mahali pa kwanza nilikutana na mtu anapima ni Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja wa leithi. Nilikuwa nimemletea bloku pekee yake, nikitaka aanze ribo, yaani kukata silinda ziwe pana kidogo, saa hiyo hiyo. Akaiangalia, akanambia, "Kijana, leta pistoni kwanza." Nikamuuliza si ni saizi inajulikana mzee, silinda ya 3L ni milimita 96, pistoni kubwa inayofuata ni ya kuongeza milimita 0.50. Akatoa maikromita kwa kitambaa vile mtu anatoa kitu ya thamani, akanionyesha: ile nafasi kati ya pistoni na silinda ni ya sehemu chache za mia za milimita, kwa hivyo anapima pistoni yenyewe halafu ndo anakata silinda iifuate, moja moja. Akikata kwanza na pistoni ije imepungua kidogo, imeharibika, haiwezi kurudi. Huyo mzee nilimpenda papo hapo.

Basi nikaenda Grogan, kwa maduka ya spea, kutafuta pistoni na ringi, zile pete za chuma zinazovikwa pistoni. Pale Kirinyaga Road utapata kila kitu, hiyo siwezi kataa, lakini kujua umepata nini ndo vita. Boksi ni lile lile, stika inang'aa vile vile, bei zinapishana mara tatu na kila mmoja anaapa yake ndo orijino. Sikuhizi mimi sitaki kiapo. Kwa ringi kuna kipimo hakidanganyi: silinda ikishakatwa unaingiza ringi moja ndani, unaisukuma na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu unapima ule mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kwa silinda ya saizi hii natafuta kitu karibu milimita 0.4. Mwanya ukiwa mdogo sana, ringi ikipata joto ncha zinagongana na inakwaruza silinda. Ukiwa mkubwa, enjini inaanza kupumua kabla hata haijazoea barabara. Seti ya kwanza ilikataa, nikairudisha, muuzaji akakasirika ati nimefungua pakiti. Sasa nitapima aje bila kufungua?

Lakini kitu imenimaliza ni gasketi ya hedi, ile inaziba kati ya hedi na bloku. Hii enjini gasketi zake huja na herufi, B, D au F, na kila herufi ni unene tofauti. Unachagua kulingana na vile pistoni inachomoza juu ya uso wa bloku ikifika mwisho wa kupanda. Tukakalisha dayo geji, kipimo cha sindano kama saa, kwa bloku, tukazungusha kranki polepole, sindano ikapanda, ikasimama, ikaanza kurudi, hapo kwa kusimama ndo unasoma. Pistoni zote nne. Na kwa sababu bloku ilikuwa imeskimiwa, yaani uso wake umekwanguliwa uwe sawa, pistoni zetu zilitoka juu sana, maana yake tunataka F, ile nene. Weka nyembamba na pistoni inaweza kugonga. Weka nene bila sababu, kompresheni inashuka na asubuhi ya baridi utakuwa unasukuma gari.

Jaribu kuitisha F Nairobi. Duka baada ya duka nimeangaliwa kama nimeomba dawa ya mapenzi. Wengine wananiletea gasketi haina alama yoyote, wengine ya 2L, na silinda ya 2L ni milimita 92, shimo lake hata halilingani na silinda yangu! Wakati huo wote wikendi zinapita, mathee anakodi pikapu ya watu kubeba viti vyake mwenyewe, na faida yote inaishia hapo. Hilo ndo linaniuma, kwa sababu hajawahi kunilaumu hata neno moja, ananiuliza tu, "Wamepata?"

Imepatikana juzi, imeagizwa, bei ilinifanya nikae chini. Bolti za hedi nazo zitakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu, hatua kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, si kwa nguvu za mkono ati fundi anasikia. Na themostati inarudi mahali pake. Fundi ameniambia hapa hatuna baridi tuitoe, nimekataa, juu bila hiyo enjini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta na silinda tumelipia ribo zinachakaa bure.

Kumebaki nozo, zile hunyunyiza dizeli ndani ya enjini, na pampu yake. Kuna jamaa Industrial Area amekubali kuzipima kwa mashine nikiwa nimesimama hapo naona, kila nozo inavyonyunyiza. Naenda nazo wiki hii, na hedi haifungwi kabla nirudi na hizo namba.