Leo nimepewa funguo!

Jamani niko na nyumba Nairobi. Yangu.

Wanaonijua wanajua nimekaa Pipeline miaka mingi, zile gorofa zimebanana mpaka saa saba mchana unawasha taa na nguo haziwahi kauka vizuri. Ndiyo nikajiunga na ushirika wa nyumba, unanunua hisa, unaweka akiba kila mwezi pole pole, halafu unapewa mkopo wa nyumba, unaulipa kama vile ungelipa lendilodi. Vyama kama hivi viko na muungano wao, NACHU, tangu 1979, na bado watu huniambia ni utapeli.

Leo tukaokota karatasi za kugawana nyumba, yangu ikatoka gorofa ya tatu.

Nimeingia na mamangu. Mi nikakimbilia bomba kuangalia maji, yeye akasimama jikoni, jua limeingia kwa dirisha mpaka sakafuni, akavua viatu akakanyaga pale penye jua. Akanyamaza kidogo.

"Na hapo mbele hawatajenga?"

Nikamwambia hapana mama, hapo ni pa watoto kucheza, tulipiga kura wenyewe kwa mkutano mkuu.

Machozi yakanitoka.

Tunahama Jumamosi, nani ako na pikapu? Na nyinyi mlio kwa ushirika mmefika wapi, niambieni.