Mtoto mwenye kisukari akae kivulini?

Mwalimu wa michezo ana roho nzuri, naomba nianze na hilo. Ila toka ajue Nasra ana kisukari, kipindi cha michezo kikifika anamwambia we kaa hapa utulindie mabegi. Na bibi yake nyumbani hivyo hivyo, "Mama Nasra, mtoto anachomwa sindano kila siku alafu unamwacha anakimbizana juani?" Mi namwelewa bibi, kwao mgonjwa anapumzishwa basi. Na hapa Temeke wengi wanajua kisukari ni cha watu wazima wenye vitambi, sasa wakiona kitoto cha miaka 10 chembamba kama njiti wanaanza kuuliza alikuwa anakula pipi ngapi. Pipi hazihusiki jamani. Hii ni aina ya kwanza, kinga ya mwili wake yenyewe imeshambulia kongosho, insulini ya kushusha sukari haitengenezwi tena, ndo maana tunamchoma.

Sasa kinachonikera na hilo benchi la mabegi ni kwamba mchezo kwake ni sehemu ya matibabu. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, na mtoto anayecheza mara kwa mara insulini yake inafanya kazi vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate walau dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili, na kliniki walituambia na wa kwetu wamo humo humo.

Ila ndo hivyo, hicho hicho kinachosaidia ndo kinashusha sukari kupita kiasi. Jumamosi walikuwa wanacheza rede uwani, Nasra yuko kati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira, ghafla kasimama tu, mpira umempiga mgongoni wala hajageuka. Jasho linamtiririka, mdomo unatetemeka, namuuliza jina la mdoli wake ananiangalia tu. Kupima sukari, 3.4, imeshuka. Nikakoroga glukosi ya unga kwenye maji akanywa, tukakaa robo saa, kupima tena 5.8, nikampa na kipande cha mkate, na cha kwanza alichosema ni kwamba chupa yake ilibaki kidogo ijae kwahiyo mchezo urudiwe toka pale pale. Wakagombana weee.

Kwahiyo sikuizi anapima kabla. Ikiwa chini ya 5 anakula kitu kwanza, ikizidi 15 na mkojo una ketoni, yani sumu inayotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, hachezi kabisa siku hiyo. Akijua atakimbia hachomi pajani, anachoma tumboni, maana mguu unaofanya kazi unaifyonza insulini haraka, na joto la Dar nalo linaongezea. Alafu kuna mbio fupi, hizi ni kizungumkuti, anaanza na 8 anamaliza na 13, kumbe mwili ukishtuka unamwaga sukari wenyewe. Nesi alishatuonya tusikimbilie sindano hapo, ukimchoma itakuja kuanguka usiku. Na usiku ndo kwenye kazi, maana misuli inaendelea kujirudishia sukari yake masaa mengi baada ya mchezo, akicheza sana jioni lazima niamke saa nane nimpime. Stripu zenyewe za kupimia bei yake acha tu.

Mume wangu yeye mtu wa mpira, silaha yake ni Nacho Fernández. Yule beki wa Real Madrid ana kisukari aina hii hii toka ana miaka 12, daktari mmoja akamwambia mpira basi tena, kaja kuondoka pale mwaka 2024 na makombe sita ya Ulaya. Kila bibi akiguna anatajiwa Nacho, mpaka kamzoea.

Kesi iliyopo mezani sasa ni UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nasra anataka timu ya mbio, mita 100, na mtaani kweli hakuna anayemshika. Shuleni tutaelewana, nimeandika karatasi moja ya mwalimu, dalili za kushuka, glukosi ikae mfukoni kwake na sio ofisini, na mtoto asiachwe peke yake. Ila akichaguliwa kwenda mbele kuna kambi, na kambini nani atamwamsha saa nane? Mwalimu kaniuliza hivyo hivyo, sikuwa na jibu. Kasema Jumatatu nije na mashine, anataka kuona inavyopimwa.